Mbegu chache: msubiri, mwanamume apasuliwe, au muende IUI, IVF au ICSI?

Majibu ya kipimo cha shahawa yakirudi na alama ya nyota kando ya tarakimu, yaani iko chini ya mpaka, mazungumzo ya nyumbani hubadilika usiku huohuo. Halafu ushauri huanza kumiminika: vidonge, sindano, upasuaji, IUI (mbegu kuingizwa kwenye mji wa mimba kwa mrija), IVF (yai kurutubishwa maabara), ICSI (mbegu moja kudungwa ndani ya yai). Kila njia ina mtetezi wake, na kila mtetezi ana jamaa yake aliyefanikiwa. Hapa nazipanga njia hizo mbili mbili, kwa sababu uamuzi wenyewe huja hivyo. Hakuna anayeletewa njia sita kwa mpigo. Unaulizwa hii au ile, na unatakiwa ujibu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Idadi ya mbegu peke yake haichagui njia. Vinavyochagua ni vitatu: mbegu ngapi kwa jumla zinasonga mbele, kwa nini zimekuwa chache, na mwanamke ana umri gani. Anayewapeleka kwenye njia fulani bila kuuliza vyote vitatu anauza, hatibu.

Kwanza karatasi yenyewe

Mipaka ya chini inayotumika sehemu nyingi ni ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 6 la mwaka 2021: ujazo wa shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa mshindo mmoja, zinazosonga mbele asilimia 30, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Mwaka 1999 mpaka wa idadi ulikuwa milioni 20, mwaka 2010 ukawa 15. Mtu mmoja angeweza kuwa "chini" mwaka huu na "kawaida" mwaka ule bila mwili wake kubadilika hata chembe.

Mipaka hiyo ilipatikana kwa kupima wanaume ambao wenzao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha mstari ukachorwa kwa wale asilimia 5 wa chini. Maana yake, mmoja katika kila 20 waliopata mtoto bila shida alikuwa chini ya mstari. Aliye chini si tasa, na aliye juu hana hakikisho. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1998, uliofuatilia wenzi 430 waliokuwa wakitafuta mimba yao ya kwanza, ulionyesha kwamba nafasi ya kupata mimba iliendelea kupanda kadiri idadi ilivyopanda hadi kufikia milioni 40 kwa mililita, halafu ikasimama. Kwa hiyo mwenye milioni 18 ana karatasi safi lakini huenda akachelewa. Mwenye milioni 90 hana cha kumringia mwenye 45.

Sasa chukua karatasi mbili na kikokotoo. Mwanamume wa kwanza ana milioni 14 kwa mililita, kwa hiyo amewekewa nyota. Ujazo wake ni mililita 4, na zinazosonga mbele ni asilimia 50. Zidisha: 14 mara 4 mara 0.5, unapata milioni 28. Wa pili ana milioni 22 kwa mililita, hana nyota upande wa idadi, ujazo ni 1.5, zinazosonga mbele asilimia 20. Zidisha: milioni 6.6. Huyu wa pili ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, ingawa nyumbani watu watampongeza kwa kuwa "idadi iko sawa". Tarakimu hii, jumla ya mbegu zinazosonga mbele, mara nyingi haiandikwi kwenye karatasi. Ipigeni wenyewe, kwa sababu njia zote zitakazofuata zinaihitaji.

Umbo lisiwanyime usingizi. Ukisoma kwamba asilimia 95 ya mbegu zako zina kasoro ya umbo, jua kwamba uko ndani ya kawaida. Umbo baya peke yake, idadi na mwendo vikiwa sawa, si sababu ya kukimbilia teknolojia kubwa. Na ile imani kwamba shahawa nyepesi ni mbegu dhaifu, au shahawa nzito ni dalili ya uzazi, haina msingi. Mbegu ni sehemu ndogo mno ya ujazo wa shahawa, huwezi kuzipima kwa macho.

Kipimo kimoja hakitoshi kuamua chochote kikubwa. Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa, ukiongeza muda wa kupita kwenye mirija ni kama miezi mitatu. Homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuwa ndiyo iliyoandika majibu ya leo. Mwanamume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, sampuli ifike maabara ikiwa na joto la mwili, ianze kupimwa ndani ya saa moja. Kuna jambo moja dogo ambalo watu huona aibu kulisema: matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Yakimwagika nje ya kikopo, semeni mapokezi, kipimo kirudiwe. Kunyamaza kwa aibu hapo kunaweza kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Kusubiri, au kuanza matibabu?

Kama jumla ya mbegu zinazosonga mbele ni nzuri au imepungua kidogo tu, mwanamke yuko chini ya miaka 35, hedhi yake inafuata mpangilio na mirija yake haina historia ya maambukizi, kusubiri ni matibabu halali kabisa. Kanuni ya kawaida ni mwaka mmoja wa kujaribu kabla ya uchunguzi, miezi sita kama mwanamke ana miaka 35 au zaidi, na bila kuchelewa akiwa amevuka 40. Lakini kusubiri kwenye maana ni kusubiri huku kuna kitu kinabadilishwa, na tendo la ndoa likifanyika kila siku moja au mbili katika siku zile chache kabla yai halijatoka.

Cha kubadilisha kinajulikana: tumbaku iachwe, uzito uliopitiliza upunguzwe, pombe nyingi ipunguzwe, korodani zisikae kwenye joto la maji moto au mvuke kila siku. Haya hayafanyi miujiza, ila hayana madhara na yanamfaidi mwanamume hata kama mtoto atapatikana kwa njia nyingine.

Vidonge vya "kuongeza mbegu" ni habari nyingine. Mwaka 2020 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililoshirikisha wenzi 2,370, ambapo wanaume walipewa ama foliki asidi na zinki, ama vidonge vitupu, kwa miezi sita. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Matatizo ya tumbo ndiyo yaliyoongezeka. Sisemi kila kirutubisho ni bure kwa kila mtu. Nasema fedha ya vidonge hivyo ingelipia kipimo cha pili na daktari wa kumpapasa mwanamume korodani, na hapo ungepata jibu.

Kuna kosa moja linaloharibu kuliko mengine yote: kumpa mwanamume mwenye mbegu chache sindano au jeli ya testosteroni. Inaonekana kama mantiki, homoni ya kiume kwa tatizo la kiume. Lakini ubongo ukiona testosteroni nyingi kwenye damu huzima ishara zake kwa korodani, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Wapo wanaofika sifuri kabisa. Dawa za kujenga misuli hufanya vivyo hivyo. Zikiachwa, wengi hurudi, ila kurudi kwenyewe huchukua miezi sita na pengine hata miaka miwili. Mwanamume akiulizwa na daktari kama anatumia kitu gimu, aseme kweli. Hilo ni swali la matibabu tu.

Kusubiri kunakoma kuwa busara pale jumla ya mbegu zinazosonga mbele iko chini sana, tuseme chini ya milioni moja au mbili, au pale mwanamke ana miaka 38 na kuendelea. Hapo kila mwaka unaopita unapunguza kitu ambacho hakuna maabara inayoweza kukirudisha, yaani mayai.

Upasuaji wa varikosili, au kwenda moja kwa moja maabara?

Varikosili ni mishipa ya damu iliyotanuka juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wana watoto wao bila taabu. Lakini kati ya wanaume wanaokwenda hospitali kwa sababu hawajawahi kumpa mtu mimba, wenye nayo hufika 35 hadi 40 kwa kila 100. Ndiyo sababu inayotibika inayopatikana zaidi.

Upasuaji unafaa pale mambo matatu yanapokutana: daktari anaihisi kwa mkono mwanamume akiwa amesimama, majibu ya shahawa si mazuri, na mwanamke hana tatizo kubwa la kwake. Varikosili iliyoonekana kwenye ultrasaundi tu, ambayo mkono haugusi kitu, haistahili kisu. Hapa ndipo watu wengi wanapofanyiwa upasuaji usio na faida. Upasuaji kwa darubini hupunguza kurudi kwa tatizo na kujaa maji kwenye pumbu kuliko njia za zamani.

Ukiulinganisha na IVF, faida ya upasuaji ni kwamba mzigo unabaki kwa mwenye tatizo. Ni siku moja, kidonda kidogo, na matokeo yanaweza kuwa mimba ya nyumbani, zaidi ya moja, bila kurudi hospitali. Hata asiyefika kwenye mimba ya kawaida anaweza kupanda daraja: aliyekuwa wa ICSI akafaa IUI, aliyekuwa na sifuri akaonekana na mbegu chache. Hasara ni muda. Mbegu mpya zinahitaji miezi mitatu hadi sita kuonekana kwenye karatasi, kisha miezi mingine ya kujaribu. Mwanamke wa miaka 29 ana muda huo. Wa miaka 40 hana, na kumwambia asubiri mwaka mzima ni kumtendea vibaya. Na kama mirija yake imeziba pande zote mbili, IVF itahitajika hata mbegu zikiwa milioni mia, kwa hiyo upasuaji unapoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Lakini hata mkiamua kwenda IVF, sharti moja nalishikilia: kabla mwanamke hajachomwa sindano ya kwanza, mwanamume awe amepimwa na daktari kwa mikono, si kwa karatasi pekee. Wapo wanaofika hadi ICSI bila mtu yeyote kuwagusa. Wanaume wenye matatizo ya mbegu wana hatari kubwa kiasi ya saratani ya korodani kuliko wengine, hasa waliozaliwa na korodani isiyoshuka. Dakika tano za kupapasa zinaweza kuokoa zaidi ya uzazi.

IUI au IVF?

Kwenye IUI, shahawa huoshwa maabara, mbegu zenye mwendo hukusanywa, kisha huingizwa moja kwa moja kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba, siku yai linapotoka. Hakuna ganzi wala chumba cha upasuaji. Mwanamke analala kitandani dakika chache, anavaa, anaondoka. Mrija mmoja wa uzazi angalau lazima uwe wazi.

Kinachoamua ni mbegu zilizobaki zinasonga baada ya kuoshwa. Zikiwa milioni 10 au zaidi, nafasi ni ya kuridhisha. Kati ya 5 na 10 bado inafaa. Chini ya milioni moja ni kujifariji. Hata kwa wanaofaa, mizunguko mingi haizai kitu: mafanikio huwa kama mmoja kati ya kumi kwa mzunguko, juu au chini kidogo kutegemea umri wa mwanamke. Ndiyo maana si haki kuihukumu kwa jaribio moja, na si haki pia kuirudia mara nane. Mitatu au minne, mkae mfikiri upya.

Wataalamu wenyewe hawaelewani hapa. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, haukupendekeza IUI kama kawaida kwa tatizo dogo la mbegu. Ulisema wenzi waendelee kujaribu hadi miaka miwili, kisha IVF. Vituo vingi duniani huanza na IUI hata hivyo, kwa kuwa ni nafuu na haichoshi. Mimi naona IUI ina nafasi yake pale milioni ziko vizuri baada ya kuoshwa na mwanamke hajafika 35. Nje ya hapo, mara nyingi ni njia ya kuchelewesha uamuzi huku mnajiona mnafanya jambo.

IVF ni safari ya aina nyingine. Mwanamke hujidunga homoni kwa siku zipatazo kumi, anapigwa ultrasaundi mara kadhaa, mayai yanavutwa kwa sindano inayopita ukeni akiwa amepewa dawa ya usingizi, yanarutubishwa maabara, na siku tatu hadi tano baadaye kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, kinarudishwa kwenye mji wa mimba. Ovari zinaweza kuchochewa kupita kiasi, tumbo likajaa maji, mara chache hadi kulazwa. Mafanikio kwa jaribio ni makubwa kuliko IUI, ila hufuata umri wa mayai kuliko ubora wa mbegu. Takwimu za Uingereza huonyesha kwamba kwa wanawake chini ya miaka 35, kiinitete kimoja kati ya vitatu vinavyorudishwa, takriban, huishia kuwa mtoto. Kwa wenye 43 au 44 wanaotumia mayai yao, ni kama 5 kati ya 100.

Angalia mzigo unavyohama. Tatizo ni mbegu za mwanamume, sindano zinaingia tumboni kwa mwanamke. Wenzi wengine huliona hilo jambo la kawaida, wengine huligundua katikati ya safari na ugomvi ukaanza. Afadhali lisemwe mapema, kwa sababu linabadilisha jibu la swali la upasuaji hapo juu.

IVF ya kawaida au ICSI?

Tofauti yake iko ndani ya chumba kimoja cha maabara, na mwanamke hahisi chochote tofauti. Kwenye IVF ya kawaida, yai huwekwa kwenye kisahani pamoja na makumi ya maelfu ya mbegu, nazo zinajitafutia njia. Kwenye ICSI, yai huvuliwa seli zinazolizunguka na kushikiliwa na mrija wa kioo. Mtaalamu anachagua mbegu moja, anaigonga mkia isitembee, anaivuta kwenye sindano nyembamba kuliko unywele na kuidunga ndani ya yai. Mimba za kwanza za namna hiyo ziliripotiwa mwaka 1992 na kikundi cha Brussels, akiwemo Gianpiero Palermo. Kabla ya hapo mwanamume mwenye mbegu mia moja tu kwenye sampuli nzima hakuwa na njia ya kuwa baba kwa mbegu zake. Baada ya hapo alikuwa nayo.

Kwa mwenye mbegu chache sana, zilizotolewa kwenye korodani, au kwa wenzi ambao IVF iliyopita haikurutubisha yai hata moja, ICSI ndiyo njia. Hapo hakuna mjadala, na karibu theluthi mbili ya mayai yaliyokomaa hurutubika.

Mjadala uko kwa wale ambao mbegu ziko sawa au zimepungua kidogo. Vituo vingi sasa humfanyia kila mtu ICSI, "kwa usalama". Jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2021, lenye wenzi 1,064 ambao mwanamume alikuwa na idadi na mwendo wa kawaida, halikuona tofauti ya maana katika watoto waliozaliwa. Kwa hiyo mkiambiwa ICSI, ulizeni swali moja: mbegu zetu baada ya kuoshwa zilikuwa ngapi? Jibu likiwa tarakimu, endeleeni kusikiliza. Jibu likiwa "ndiyo utaratibu wetu", mna haki ya kuuliza tena.

Sifuri: kutafuta kwenye korodani, au mbegu za mchangiaji?

Mmoja kati ya wanaume mia hana mbegu hata moja kwenye shahawa, na kati ya wanaume wenye tatizo la uzazi hufika 10 hadi 15 kwa mia. Kabla ya kuliamini neno sifuri, sampuli izungushwe kwenye mashine na masalia ya chini yatazamwe kwa darubini, tena mara mbili. Mbegu kumi zikionekana, mwanamume huyo yuko kwenye sura nyingine kabisa. Mwenye kisukari ambaye hutoa shahawa kidogo mno apimwe pia mkojo baada ya mshindo; mbegu zinaweza kuwa zinarudi kibofuni.

Halafu swali ni moja: bomba limeziba, au kiwanda hakitoi? Korodani za ukubwa wa kawaida na kiwango cha kawaida cha FSH, homoni ambayo ubongo huitumia kuziamrisha korodani zitengeneze mbegu, mara nyingi humaanisha kuziba, baada ya maambukizi, upasuaji wa zamani, au kuzaliwa bila mirija ya mbegu. Hapo mbegu hupatikana kwa sindano au upasuaji mdogo karibu kila mara, kisha ICSI. Aliyezaliwa bila mirija mara nyingi amebeba mabadiliko ya jini ya CFTR, kwa hiyo mwenzi wake naye apimwe kwanza, mtoto asije akarithi kutoka pande mbili saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu.

Korodani ndogo na FSH iliyopanda humaanisha kiwanda chenyewe. Vipimo vya kromosomu na vya kromosomu ya Y vifanyike kabla ya kisu. Kromosomu hiyo ina sehemu tatu zinazohusu mbegu: AZFa, AZFb na AZFc. Aliyepoteza sehemu yote ya AZFa au AZFb hatapatikana na mbegu, na upasuaji kwake ni maumivu bure. Aliyepoteza AZFc ana nafasi nzuri, ila mwanawe wa kiume atairithi hali hiyohiyo. Kwa waliobaki, upasuaji wa darubini unaoitwa maikro-TESE hupata mbegu kwa takriban nusu. Nusu nyingine huamka na kidonda, na wengine na testosteroni iliyoshuka. Kuna kundi dogo lenye bahati: ambao FSH na mwenzake LH, homoni nyingine ya ubongo kwa korodani, ziko chini kabisa kwa sababu tatizo liko kwenye ubongo. Hao hutibiwa kwa sindano za homoni kwa miezi, na wengi hutoa mbegu.

Mbegu za mchangiaji zina hesabu rahisi na moyo mgumu. Mwanamke mwenye afya anaweza kutumia IUI tu, bila IVF, na nafasi yake inategemea umri wake. Uamuzi wenyewe si wa daktari: sheria hutofautiana, dini zina maneno yake, na mtoto ataambiwa nini na lini ni jambo la kukubaliana kabla, si baada. Mwanamume anayekubali kwa kuogopa kuachwa hajakubali bado. Mpeni muda.

Mimba ikishaingia

Hapa ndipo hofu hukosea mahali. Mbegu chache hupunguza nafasi ya kupata mimba, lakini mimba iliyopatikana nyumbani kwa mwenye mbegu chache haiharibiki kwa sababu tu baba alikuwa na milioni 9. Kinachohusishwa na mimba kuharibika ni DNA iliyovunjika ndani ya mbegu, na hiyo huenda pamoja na tumbaku, varikosili, joto na umri wa baba uliopita 40. Kipimo chake si cha kila mtu. Kwa wenzi ambao mimba zimeharibika mara kwa mara kina nafasi, hata kama idadi ya mbegu kwenye karatasi ni ya kawaida.

Hatari kubwa zaidi inayoletwa na matibabu yenyewe ni mapacha. Dawa kali za kuchochea mayai kwenye IUI, au viinitete viwili kwenye IVF, huleta mapacha, na mapacha huleta kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo na shinikizo la damu kwa mama. Kurudisha kiinitete kimoja ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote, ingawa wenzi waliosubiri miaka huwa wanatamani viwili. Naelewa tamaa hiyo, lakini bado naipinga.

Kuhusu kasoro za kuzaliwa, utafiti wa Australia Kusini wa mwaka 2012 ulipitia watoto zaidi ya 300,000. Kwa jumla kasoro zilikuwa asilimia 5.8 kwa mimba za kawaida na 9.9 kwa ICSI. Kwa IVF ya kawaida tofauti ilitoweka baada ya kuzingatia umri wa wazazi na mengineyo. Kwa ICSI ilibaki. Bado haijulikani kama sababu ni sindano ya ICSI au ni mbegu za baba zenyewe. Watoto tisa kati ya kumi huzaliwa bila kasoro, na hilo lisemwe kwa sauti ileile. Kikundi cha Brussels kilipowapima vijana 54 wa miaka 18 hadi 22 waliozaliwa kwa ICSI kwa sababu ya mbegu za baba zao, wastani wa mkusanyiko wa mbegu zao ulikuwa karibu nusu ya wenzao. Mtoto wa kiume anaweza kurithi swali la baba yake. Mimba ya mchangiaji haina urithi huo, ila hali inayotangulia kifafa cha mimba huonekana mara nyingi kidogo zaidi, kwa hiyo shinikizo la damu la mama lifuatiliwe kwa makini.

Jambo la mwisho lina haraka kuliko yote: mwanamume ambaye idadi yake iko chini ya milioni moja na inaendelea kushuka, au anayekaribia kuanza dawa za saratani, agandishe sampuli sasa, hata kabla hamjachagua njia. Mbegu chache zilizogandishwa leo zinaweza kutosha kwa ICSI, na mwaka ujao huenda zisiwepo hata hizo.